Nabwile Anunua Mashine ya Nyasi, Mkwe Akiwa Nyuma ya Tangi

Kwa Nabwile, huko Bokoli, nyasi haikui, inakimbia. Akiikata Jumatatu, Jumapili akitoka kanisani anaikuta imeshafika kwenye kifundo cha mguu. Mvua ya Juni nayo ikishika vizuri, kuku anaweza kuingia humo ukabaki kusikia sauti tu. Kwa miaka thelathini na zaidi alikuwa akiikata mwenyewe kwa slasha, asubuhi, akiimba tenzi polepole. Marehemu mumewe, mzee Festus, alizoea kusema kwamba mke wake akishika slasha ni vizuri mtu asipite karibu. Si kwa hasira, ni vile alivyokuwa akiifurahia ile kazi.

Mwaka juzi aliteleza kwenye matope akienda kukamua, na mkono wa kulia ukavunjika juu kidogo ya kiganja. Ulipona, Mungu ashukuriwe, lakini ulipona na masharti. Kusonga ugali unakubali. Kukamua ng'ombe unakubali. Slasha unakataa kabisa. Akirusha mara tano tu, mkono unawaka moto mpaka begani.

Basi akamtafuta Wekoye, mtu mzima wa hapo hapo kijijini, mwenye slasha kali na maneno matamu. "Kesho nakuja, Mama Ivy, usijari," angesema. Kesho ya Wekoye ilikuwa ndefu. Wakati mwingine ilichukua wiki tatu.

Ndiyo maana siku Ivy, binti yake wa pekee, alipofika kumtembelea mwezi wa sita, alikuta nyasi imefika magotini. Alipokuwa akienda chooni, kitu cheusi kikapita mbele yake, kirefu, bila haraka. Ivy alirudi jikoni bila kiatu kimoja.

"Mama, mwezi wa nane shule zikifungwa nakuja na pikapu," alisema akihema. "Nikikuta hiki kichaka bado kiko hapa, nakuhamisha. Utaishi na sisi Kitale, pale Kibomet. Sitaki kupigiwa simu ati umeumwa na nyoka, umelala chini tangu asubuhi na hakuna anayejua."

"Niishi kwa mkwe, mwanangu?"

"Si umeokoka, Mama? Hayo ni mambo ya zamani, bana."

"Kuokoka nimeokoka. Na heshima nimebaki nayo pia."

Mtu wa mbali huenda asielewe. Kwa watu wa Nabwile, mama na mume wa binti yake hawasalimiani kwa mkono. Hawakai chumba kimoja, wala hawali wakitazamana. Wakikutana njiani, mmoja anaiacha njia. Si chuki. Ni heshima, na heshima hiyo huchoka sana ikiwekwa ndani ya nyumba moja. Mkwe wake Muchiri, baba ya mjukuu wake Kui na fundi wa stima mjini Kitale, ni mtoto wa watu waliotoka katikati ya nchi wakahamia Kachibora zamani. Hakuzaliwa na desturi hii, ila siku ya harusi shemeji yake Nabwile, mzee Makokha, alimweka kando akamwambia, "Kijana, ukimwona mama mkwe barabarani, wewe ingia kwa mahindi." Muchiri ni mtu wa kushika neno. Mwaka wa kwanza aliingia kwa mahindi ya mtu aliyefuga mbwa. Alirudi kwake na suruali nusu.

Mkono ulipokuwa na plasta, Nabwile alikaa Kibomet siku tisa. Nyumba ya Ivy ina mlango mmoja wa mbele, na ukitaka kwenda bafuni ni lazima upite sebuleni. Siku hizo tisa Muchiri alikuwa mgeni kwake mwenyewe. Alikohoa mara tatu kabla ya kuingia, alikula chakula chake kwenye stoo katikati ya roli za waya, na asubuhi moja Nabwile alimsikia nje ya dirisha akimwomba mkewe kwa sauti ya chini amrushie soksi. Nabwile naye alijifungia chumbani na kitabu chake cha nyimbo. Hakujua nani kati yao alikuwa kifungoni.

Kwa hiyo Ivy aliporudi Kitale, Nabwile alipiga magoti kando ya kitanda akamweleza Mungu mambo wazi. Hapa ndipo nyumbani kwangu. Kaburi la Festus liko hapa, ng'ombe wangu yuko hapa, kanisa langu liko hapa. Nipe njia ya kukata nyasi hii kwa mkono huu huu ulionirudishia. Amina.

Njia ya kwanza ilikuwa mashine ya kanisa, ile ya petroli. Mzee wa kanisa alimletea kwa furaha. Mashine yenyewe ilikuwa nzito kama ndama, na ili iwake ni lazima uvute kamba kwa nguvu. Alivuta mara moja, mkono ukamkumbusha masharti yake. Akairudisha na mayai kumi ya asante.

Njia ya pili aliipata kwa Mary Ann, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, anayekaa Webuye. Siku ya ushirika nyumbani kwake, Nabwile na wenzake walimkuta Mary Ann amevaa miwani mikubwa ya plastiki, akikata nyasi kando ya ua kwa kifaa chembamba kama fimbo ya mchungaji, kikivuma kama nyuki ndani ya chupa. Hakuna kamba, hakuna moshi.

"Hii inakula nini?" Nabwile aliuliza.

"Betri, dada. Unaichaji kama simu."

Nabwile alilala akiiwaza. Alienda kwanza Bungoma, ambako kijana wa dukani alimtazama juu mpaka chini akamwambia hizo ni mashine za wanaume. Alimshukuru kwa upole akatoka. Mary Ann aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu, akamwambia aende Kitale, kwa Bilha.

Alienda siku ya Jumanne na pesa za ndume wa ng'ombe aliyemuuza, zimefungwa kwenye kona ya leso. Ivy hakuambiwa. Hilo lilimsumbua kidogo moyoni, lakini alijiambia kwamba kunyamaza si kusema uongo.

Duka la Bilha lilikuwa limejaa wilbaro, mikebe ya rangi, na matangi meusi ya maji yaliyopangwa mpaka karibu na mlango. Bilha mwenyewe, ambaye wateja humwita Mama Ngige, alikuwa mama mnene mchangamfu aliyevaa koti la buluu.

"Karibu, mama. Nikupe nini leo?"

"Mashine ya nyasi. Isiyo na petroli, isiyo na kamba, na isiyotaka mwanaume."

"Hiyo ya tatu ndiyo ngumu kupata," Bilha alisema, "lakini tutajaribu."

Akashusha mashine tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Nabwile alienda moja kwa moja kwa kubwa. Iliandikwa volti arobaini, na yeye aliona kwamba kama nyasi ni ya Bokoli, basi nguvu ndiyo dawa. Alikuwa ameikumbatia, tayari kufungua kona ya leso, aliposikia sauti mlangoni.

"Mama Ngige, habari ya leo? Zile soketi zangu zimefika?"

Sauti hiyo aliijua. Ilikuwa imekohoa mara tatu kila jioni kwa siku tisa.

Nabwile alivuta leso mpaka usoni akageukia ukuta wa mikebe ya rangi, mashine kifuani. Muchiri naye aliitambua ile leso, maana ndiye aliyeinunua Krismasi akampa Ivy ampelekee. Akaruka. Tangi la maji lililokuwa karibu likalia *du!*

"Ni nini?" Bilha alishtuka. "Ni polisi?"

"Ni mama mkwe wangu," sauti ilitoka nyuma ya tangi.

"Na mimi," Nabwile aliiambia mikebe ya rangi, "sijaona mtu."

Bilha aliangalia tangi, akaangalia leso. Alikuwa ameuza vitu Kitale miaka mingi kwa watu wa kila kabila, akaelewa. "Haya," alisema akivuta kiti chake katikati, "mimi nitakuwa daraja. Piteni."

Nabwile alipiga hesabu haraka. Muchiri akimwambia Ivy jioni hii, Ivy ataona mama yake amepoteza pesa ya ndume akikwepa kuhamia kwake. Hatangoja mwezi wa nane. Pikapu itakuja Jumamosi.

"Mama Ngige," sauti ya tangi ilisema, "muulize mteja wako hiyo mashine ameishika na mkono gani."

"Unaulizwa mkono gani."

"Mwambie nimesikia. Ni wa kulia."

"Mwambie ainyooshe mbele, tuhesabu mpaka thelathini. Na atie betri kwanza. Bila betri kila mashine ni nyepesi."

Bilha akachomeka betri, *klak*, wakaanza kuhesabu wote watatu. Kumi, Nabwile alikuwa sawa. Kumi na tano, alianza kuuma midomo. Kumi na nane, ncha ya mashine ikaanza kutetemeka kama mkia wa mbuzi.

"Hiyo airudishe," tangi lilisema. "Hiyo ni ya mtu mwenye ekari na mabega. Ajaribu ya kati, na avae mkanda wake begani."

Ya kati ilikuwa ya volti ishirini. Walifika thelathini, wakapitiliza mpaka arobaini, na ncha haikutikisika. Nabwile akasahau akatabasamu kwa mikebe ya rangi.

"Sasa," tangi lilisema, "muulize Mama Ngige bei iliyoandikwa hapo ni ya nini."

"Mama Ngige ni mimi!" Bilha alisema.

"Basi jiulize."

Bilha akakohoa kidogo. "Ni ya mashine tupu. Betri na chaja ni kando."

"Ai!" Nabwile aligeuka nusu, akakumbuka, akarudi ukutani. "Ni kama kuuziwa ng'ombe, miguu ulipie kando?"

"Ningemwambia, Baba Kui, si nilikuwa namwambia?"

"Ungemwambia akishafika Webuye," tangi lilisema, na hata mtu aliyekuwa akingoja misumari pembeni akacheka.

Wakaendelea hivyo. Muchiri alisema betri mbili ni bora kuliko moja kubwa, kwa sababu moja ikifanya kazi nyingine inakunywa stima, na huko Bokoli stima ina tabia zake. Alisema betri ikitoka kazini ni ya moto, iachwe ipoe kabla ya kuchajiwa, na isianikwe juani kama mahindi. Akasema nyasi ndefu haikatwi yote mara moja, inaanzwa juu kisha chini. Miwani ni lazima.

Hapo Nabwile alikuwa ameshaona kitu kingine, mashine nyekundu ya kukatia ua, bei imeshushwa. Ua wake wa kayaba wa mbele ulikuwa umenyoosha miiba mpaka barabarani.

"Mwambie mtu wa huko nyuma, na hii je?"

Muchiri akachungulia. "Hiyo ni ya kampuni nyingine. Betri yake haiwezi kuingia kwa hii. Angoje. Siku akitaka ya kayaba, achukue ya kampuni hii na volti hizi hizi, betri zake zitafanya kazi zote."

"Kumbe hata betri zina ukoo," Nabwile alisema.

"Zina ukoo na haziolewi nje," Bilha alijibu, akaanza kupanga vitu kwenye boksi.

Ilibaki jambo moja, na Nabwile hakuweza kutoka dukani bila kuliuliza. Alilisema polepole. "Mama Ngige, muulize huyo mtu kama jioni atamwambia mke wake."

Bilha hakurudia. Tangi lilikuwa limesikia.

"Mwambie mama sijaona mtu," Muchiri alisema. Kisha akaongeza, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "Na asifikiri simtaki kwangu. Chumba kipo. Mkono ukikataa kabisa aje, mimi nitakula hata na kuku. Lakini zile siku tisa, Mama Ngige, hakuimba hata wimbo mmoja. Ivy husema mama yake huimba kutoka asubuhi. Mimi nilikuwa nasikiliza kule stoo. Sikusikia kitu."

Nabwile alitazama mkebe wa rangi ya kijani mpaka maandishi yakawa ukungu. Alitaka kusema asante mwanangu, ila desturi haikuwa na njia ya kupitisha neno kama hilo. Alilipa, akabeba boksi lake, akatoka. Muchiri hakujitokeza mpaka alipohakikisha leso imevuka barabara.

Nyumbani kazi ilianza kwa aibu. Siku ya kwanza alikata nyasi, akakata na maboga mawili, na jiwe likaruka likatoboa ndoo. Boma lilionekana kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa akilia. Siku ya tatu mkono ulianza kujua. Akagundua kwamba betri moja inatosha nyimbo saba, ukiimba bila haraka. Akagawa boma: Jumatatu mbele, Jumatano upande wa kaburi, Ijumaa nyuma ya jikoni mpaka chooni.

Wekoye alipita akasimama nje ya kayaba. "Mama Ivy! Sasa umenifuta kazi?"

"Kazi gani, Wekoye? Ile ya kuniahidi?"

"Lakini kesho nilikuwa nakuja, harafu nikasikia inavuma."

"Njoo kesho hiyo hiyo unywe chai," Nabwile alimwambia, na Wekoye, kwa mara ya kwanza, alikuja siku aliyosema.

Mwezi wa nane ukafika. Wiki ile Ivy alipopiga simu kwamba anakuja Jumamosi, mvua ilishika tangu Jumatatu mpaka Ijumaa yote. Nyasi iliyolowa haikatwi. Jumamosi jua lilipotoka Nabwile alianza mapema. Alimaliza mbele, akamaliza upande wa kaburi, betri ya kwanza ikazima, ya pili ikazima. Nyuma ya jikoni, njia ya chooni, mahali pale pale nyoka alipopita, nyasi ilisimama ndefu kama iliyoagizwa.

Pikapu ikapiga honi. Muchiri alibaki ndani yake nje ya lango, uso ukitazama upande wa shamba la jirani, kama inavyofaa. Ivy aliingia akiwa amebeba rundo la magunia matupu ya kufungia vyombo vya mama yake. Aliona mbele kulivyo safi, akasimama kidogo. Kisha akazunguka jikoni.

"Ndiyo hii, Mama," alisema, na hakusema kwa ushindi. "Ni hapa hapa. Nilijua utachoka."

Nabwile alikuwa ameketi kwenye kigoda na kikombe cha chai. "Mashine ndiyo imechoka. Inakunywa stima, mimi nakunywa chai. Kaa tungoje."

"Mashine gani?"

Akaonyeshwa. Ivy aliishika, akaipima mkononi, akatazama taa nne ndogo za betri iliyokuwa kwenye chaja, mbili zikiwaka. Walikaa. Waliongea habari za Kui na shule. Taa ya tatu ikawaka. Ivy alipeleka chai langoni, akarudi. Taa ya nne ilipowaka, Nabwile alivaa miwani, akavaa mkanda, akaomba kimoyomoyo mkono usimwaibishe, akaanza.

Ivy hakutazama nyasi. Alitazama kiganja cha mama yake, akingoja kitetemeke. Mashine ikavuma, nyasi ikaanguka, juu kwanza, kisha chini. Na juu ya mvumo huo ikatoka sauti ya Nabwile, ikiimba. Alipomaliza nyimbo tatu alizima mashine mwenyewe, akaiegemeza ukutani, akaketi.

"Umechoka?" Ivy aliuliza haraka.

"Hapa napumzika. Kila nyimbo tatu napumzika. Nani ananikimbiza?"

Ivy akamtazama. Tangu mkono uvunjike, alichoogopa hasa hakikuwa nyasi wala nyoka. Alimwogopa mama asiyekubali kusema amechoka, anayeweza kuanguka akijaribu kumaliza. Huyu aliyeketi kwenye kigoda akifuta miwani kwa leso hakuwa yule.

Nabwile aliinuka akamaliza. Njia ya chooni ikawa wazi, ungeweza kuona hata siafu akipita.

"Nani alikuchagulia hii?" Ivy aliuliza.

"Mama wa dukani, Kitale." Nabwile akasikia neno hilo halijakamilika, na yeye ni mtu wa kusali. "Na mtu mmoja aliyekuwa nyuma ya tangi la maji."

Ivy akageuka polepole kuelekea langoni. Ndani ya pikapu Muchiri alikuwa akichunguza mawingu kwa bidii, na wingu halikuwepo.

"Wawili hawa!" Ivy alisema. Alitaka kukasirika, lakini kicheko kilimtangulia, akacheka mpaka akaketi chini kwenye nyasi iliyokatwa. Alipotulia alisema, "Sawa, Mama. Lakini utanipigia kila jioni. Kila jioni! Usiponipigia nakuja na pikapu."

"Nitapiga hata mara mbili."

"Na haya magunia sasa nifanyie nini?"

Nabwile alitazama malundo ya nyasi mbichi yaliyolala boma zima. "Si mna ng'ombe kule Kibomet? Jaza."

Wakajaza, mama na binti, magunia sita. Kisha Nabwile akaingia jikoni na kufunga mlango, ili mkwe apate kuingia. Alimsikia akikohoa mara tatu, kisha hatua zake.

"Vyombo viko wapi?" Muchiri aliuliza.

"Vyombo gani? Beba nyasi, Baba Kui," Ivy alijibu.

Pikapu ikaondoka kuelekea Kitale imejaa mpaka juu, majani yakipeperuka nyuma yake barabarani.